Kocha Mnamfukuza, Faili Mnawaachia Mchwa

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za mpira, tena si mpira wa Namboole, uwanja wa taifa hapa Uganda, ni za timu za mkoa na wilaya, zile ambazo jezi zinaanikwa kwenye ua wa katibu na namba 7 mgongoni imeshikiliwa na plasta. Nimechagua sita. Majina yenu nimeficha kama mlivyoomba, na ya timu pia, maana huko mnajuana.

Mzee salamu. Huku Arua timu yetu imecheza mechi sita haijashinda hata moja, Adjumani tulipigwa nne. Kwenye grupu la WhatsApp ni vita kila usiku, wengine kocha aende, wengine mwenyekiti aende, juzi admini ametoa watu wawili kwa matusi. Mimi niko upande wa kocha aende. Huyu ni wa tatu ndani ya misimu miwili lakini naona bado hatujapata wa maana. Unasemaje? – Shabiki wa chini ya mwembe

Ndugu yangu wa chini ya mwembe, kocha wa tatu kwa misimu miwili halafu bado hamjapata wa maana, mimi hapo naanza kuona ugonjwa hauko kwa kocha. Hiyo safari ya Adjumani naijua. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenye taksi ya watu 14 mmejipakia 20, mipira iko miguuni kwa kipa, mnapita Yumbe, mnapita Moyo, mnafika Laropi mnaambiwa feri iko ng'ambo, basi mnakaa kwenye jua mnaangalia Nile inavyopita, vijana wanakula rolex, chapati ya mayai, moja watu wawili, mnafika uwanjani saa tisa na nusu na mechi ni saa kumi. Hapo hata mkileta kocha kutoka Ujerumani atapigwa nne, labda yeye atapigwa tatu.

Sasa kabla hamjamfukuza muulizeni mwenyekiti swali moja tu, kwa adabu, mbele ya watu: safari ile iligharimu ngapi, na nani alilipa? Akijibu kwa kufungua daftari, mna mwenyekiti. Akijibu kwa hasira kwamba yeye ndiye anawalisha, basi mmejua shida ilipo, na kocha wa nne naye atakuja akae miezi mitatu aende.

Na mpunguze haraka jamani. SC Villa ya Kampala yenyewe, na mataji yake 16 ya ligi, ilikaa tangu 2004 mpaka 2024 ndiyo ikapata la 17. Nyie mechi sita mnatukanana. Na hapo kwenu Onduparaka mliiona ikipanda ligi kuu 2016, mashabiki wa kuogopwa kabisa, na 2023 ikashuka na kelele zake zote.

Mzee, mimi niko Koboko. Kuna kijana wetu alianza kuchezea timu akiwa na miaka 15, akakaa misimu minne, akaenda klabu moja ya Kampala bure, sasa tumesikia ameuzwa nje kwa hela nzuri. Mwenyekiti anasema "alishaondoka, hatuna chetu". Ni kweli? Watu wanataka kwenda nyumbani kwake usiku.

Usiku msiende. Nendeni mchana na kalamu.

Alichosema mwenyekiti ni nusu kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo ina pesa. Kuna malipo ya aina mbili ambayo watu huyachanganya. Ya kwanza inaitwa solidariti, yaani pesa ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwa ada kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine na mkataba wake bado haujaisha, asilimia 5 ya ile ada inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza 23. Klabu iliyokaa naye kati ya miaka 12 na 15 inapata asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka, na kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5 kwa kila mwaka. Kijana wenu mlikuwa naye akiwa na 15, 16, 17 na 18, kwa hiyo hesabu yenu ni 0.25 na 0.5 mara tatu, jumla asilimia 1.75. Tuseme ameuzwa dola 200,000, fungu lenu ni dola 3,500, zaidi ya shilingi milioni 12. Na alivyoondoka kwenu bure haijalishi, hii haiangalii aliondokaje, inaangalia nani alimlea. Akiuzwa tena mwaka kesho kwa njia hiyo hiyo, mnapata tena.

Ya pili ni fidia ya malezi. Hiyo inadaiwa kijana anapoingia uprofesheno mara ya kwanza, halafu anapohamia nchi nyingine mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, na kiwango kinafuata daraja la klabu inayomchukua, si daraja la ligi bali lile klabu inalopangiwa kwa gharama zake za kulea wachezaji. Kwa Afrika klabu ya daraja la III ni dola 10,000 kwa kila mwaka wa malezi kuanzia ule wa miaka 16, ya daraja la II ni dola 30,000, na ya daraja la IV haidaiwi kitu. Ila hapa ndipo mwenyekiti wenu ana nusu yake: kama kijana alisaini mkataba wake wa kwanza wa uprofesheno kule Kampala, basi fidia ya kwenda nje inadaiwa na hao wa Kampala, na nyinyi mnabaki na madai ya hapa ndani kwa kanuni za FUFA, chama cha mpira cha Uganda. Solidariti lakini inabaki yenu.

Haya, sasa swali ambalo hamtalipenda. Huyo kijana mlimsajili? Simaanishi kwamba kila mtu mjini anajua alikuwa wenu. Namaanisha jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, msimu gani na msimu gani, iko FUFA? Au alikuwa anacheza kwa leseni ya binamu yake? Maana tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum ya kupitisha hizi pesa, na inachofanya ni kuvuta rekodi za usajili kutoka chama cha kila nchi, inatengeneza pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizosajiliwa, klabu iliyomo inalipwa, klabu ambayo haimo haijulikani kama ilizaliwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mtunza hazina wa timu moja, siitaji. Usajili wetu wote ulikuwa kwenye katoni ya sabuni chini ya kitanda cha katibu. Siku tulipohitaji fomu ya beki wetu wa kushoto tukaivuta katoni, juu ikaja, chini ikabaki sakafuni. Mchwa. Picha za pasipoti zimeliwa zimebaki nusu sura, sikio hapa, kola ya shati pale, fomu zimekuwa kama unga wa muhogo, na kilichotoka kizima bila hata tundu ni risiti ya kreti mbili za soda. Yule beki tulimpoteza hivyo hivyo, hata shilingi. Na cha kuchekesha, mwezi ule ule grupu lilikuwa linapigana kuhusu rangi ya jezi.

Kwa hiyo mkienda kwa mwenyekiti msimuulize pesa iko wapi, pengine hata yeye hajaiona. Muulizeni faili liko wapi. Halafu mwandikie FUFA barua yenye mhuri wa klabu mkiomba pasipoti ya mchezaji, mwone misimu yenu imo au haimo, mwambatanishe karatasi zozote za mechi zenye jina lake, na msilale, maana dai likipita miaka miwili FIFA hawalisikilizi tena.

Boss, niko Busia. Meneja mmoja alitununulia buti pea 18 na mipira mitano, tukasaini karatasi kwamba straika wetu akiuzwa nusu ni yake. Sasa viongozi wapya wanasema karatasi haifai. Nani ana haki?

Viongozi wapya. FIFA ilipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Mei 2015 mtu wa nje kumiliki kipande cha bei ya mchezaji, na klabu inayosaini hivyo ndiyo inayoadhibiwa, si huyo meneja. Mkae naye mhesabu buti na mipira kwa bei ya duka, mwandikishane kama deni la kawaida, mlipe kidogo kidogo. Alisaidia, asidharauliwe. Lakini straika si ng'ombe wa kugawana miguu.

Asalam aleikum baba. Mimi ni mama, tuko Bombo. Mwanangu ana miaka 16, anacheza winga timu ya hapa. Kuna mtu amekuja anasema ni ejenti, anataka shilingi milioni nne za viza na majaribio Dubai, na nafasi inaisha Ijumaa. Kwenye timu wanasema nikikataa nitamharibia mtoto bahati. Nifanyeje?

Wa aleikum salam mama yangu. Usitoe hata nauli ya boda.

Sheria ya FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi nyingine kwa ajili ya mpira. Kuna vipengele vichache vya kuruhusu, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia huko kwa sababu zisizo za mpira, lakini mama wewe huhamii Dubai, uko Bombo. Kwa hiyo hata huyo mtu angekuwa mkweli kama maji, hakuna klabu kule inayoweza kumsajili mwanao leo. Akifika na viza ya matembezi atakaa chumba kimoja na wenzake, viza itaisha, na wewe ndiye utauza kiwanja umrudishe.

Halafu ejenti lazima awe na leseni ya FIFA na majina yao yako kwenye tovuti ya FIFA, mtu yeyote anaweza kutafuta. Mwombe namba yake ya leseni. Mwombe barua ya klabu, kisha wewe mwenyewe utafute simu ya klabu hiyo, usipige aliyokupa yeye. Utaona Ijumaa yake inavyogeuka kuwa mwezi ujao. Na hao wa timu wanaokuambia unaharibu bahati, waambie wachange wao hizo milioni nne.

Mtoto akibaki shule, na akasajiliwa vizuri na hiyo timu yake, hajapoteza kitu. Ila mama, ukiwa hapo ukaangalie jina lake limeandikwaje kwenye fomu. Herufi moja tu ikikosewa na pasipoti ikaja tofauti, ni shida ya miaka.

Mzee, timu yetu ya Masindi tajiri aliyekuja miaka mitatu iliyopita sasa anataka kuihamishia karibu na Kampala na kuibadilisha jina. Sisi tuliianzisha kwa michango, mzee wangu aliuza mbuzi. Anaweza?

Pole sana, na pole ya mbuzi. Kuweza inategemea karatasi inasema timu ni ya nani. Timu kubadilika jina si jambo geni hapa, hata Vipers wa Kitende walikuwa wanaitwa Bunamwaya mpaka 2012, na wakatoboa. Lakini pale mwenye timu alikuwa anajulikana.

Nendeni URSB, ofisi ya serikali ya kuandikisha kampuni, mtafute kampuni ya klabu, mtu yeyote analipa ada kidogo anaonyeshwa wakurugenzi ni nani na hisa ziko kwa nani. Nawaombea mkute majina ya wazee. Ninachoogopa ni kwamba mliianzisha kwa mbuzi na michango lakini aliyekwenda kuiandikisha ni tajiri, peke yake, wakati nyie mnashangilia basi jipya. Kama ndivyo, sheria itaongea na yeye. Mtakachobaki nacho ni uwanja, mashabiki na vijana, na hapo mnaweza kuanza tena ligi ya wilaya, safari hii mkiwa wanachama wenye kadi na katiba, kiongozi anachaguliwa, anaondoka. Si njia fupi, najua. Najua pia kuna watu watamfuata tajiri mpaka Kampala wakivaa jezi ile ile na mtagombana kwenye matanga.

Kaka mkubwa, Jumamosi uwanja wetu unabaki na wazee na watoto, vijana wote wako kibandani kwa Arsenal na Man U. Tufanyeje? Getini tunapata hata laki haifiki.

Msishindane na Arsenal, hamtaweza, mimi mwenyewe Jumamosi siko uwanjani saa hizo na sitadanganya. Angalieni saa. Mechi zao za mchana kwetu ni saa kumi na moja, na kule wakiingia majira ya baridi zinasogea saa kumi na mbili. Nyie mnaanza saa kumi, kipindi cha pili kinagongana nao pale pale. Ombeni ligi iwaruhusu kuanza saa nane, jua litakuwa kali lakini saa kumi kasorobo mmemaliza, au mchukue Ijumaa baada ya swala. Halafu mwongee na mwenye kibanda, mtu akija na tiketi yenu ya siku hiyo apunguziwe kiingilio kwake, na yeye atangaze matokeo yenu kabla ya kuwasha skrini. Atakubali, benchi zake zitajaa mapema na chapati za mke wake zitaisha.