Ukoo wa Cleopatra: mbona walimalizana wenyewe kwa wenyewe?

Maswali yenu kuhusu akina Ptolemy, ukoo wa kifalme wa Cleopatra uliotawala Misri ya kale, ni mengi, nachukua haya manne.

Ni kweli kaka na dada walioana?

Kweli kabisa. Kwenye miaka ya 270 KK Ptolemy wa Pili alimuoa Arsinoe, dada yake baba mmoja mama mmoja, na waliofuata wengi wakaiga. Ufalme ukabaki ndani ya nyumba, sawa, lakini sasa kila mtoto wa kike na wa kiume ana haki na kiti na sheria ya nani anarithi haijanyooka, sasa hapo mtaacha kuuana?

Yupi alikuwa mbaya zaidi?

Kwangu mimi Ptolemy wa Nane. Alimuoa dada yake Cleopatra wa Pili, halafu akamuoa na binti wa huyohuyo dada, mama mtu bado yupo ikulu! Alipofukuzwa Alexandria, mji mkuu wao, waandishi wa zamani wanasema alimuua Memphites, mtoto wake mwenyewe aliyezaa na huyo dada, akamtumia mama vipande vya mwili kama zawadi ya bethdei. Na baadaye wakapatana, wakatawala tena wote watatu, hilo mpaka leo linanishinda kuelewa.

Cleopatra yule maarufu aliua ndugu zake?

Tuanze na alichokiona nyumbani jamani. Mwaka 55 KK, akiwa binti wa miaka kama 14, baba yake alirudi na jeshi la Warumi akamuua Berenice, binti yake mkubwa, kwa kukalia kiti. Baadaye Ptolemy wa 13, mdogo wake Cleopatra, akamfukuza Cleopatra, Caesar, jemadari wa Roma, akamrudisha, yule dogo akafa maji kwenye Nile mwaka 47. Mdogo wake mwingine, Ptolemy wa 14, alikufa mwaka 44, wengi wanasema sumu ila ushahidi ni mdogo. Arsinoe, mdogo wake wa kike (siyo yule wa Ptolemy wa Pili), ndiye ananiuma, alikuwa amekimbilia hekalu la Artemi kule Efeso na bado Antony, jemadari wa Roma na mpenzi wa Cleopatra, akaagiza auawe, Cleopatra ndiye aliyetaka.

Kuna mtoto wa Cleopatra aliyepona?

Caesarion, mtoto aliyezaa na Caesar, aliuawa na Octavian, mtawala wa Roma aliyeiteka Misri, mwaka 30 KK. Selene, binti aliyezaa na Antony, aliolewa na mfalme Juba wa Mauretania, ufalme wa Afrika Kaskazini, wakapata mtoto wakamwita Ptolemy, na huyo naye mwaka 40 BK akauawa kwa amri ya Caligula, mfalme wa Roma na kitukuu cha Antony, yaani ndugu yake wa damu.