Maswali ya Wasomaji: Mtoto Huanza Kushtakiwa Akiwa na Umri Gani?

SWALI: Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka 9, alimrushia mwanangu jiwe akamjeruhi jicho. Tulipokwenda polisi tuliambiwa kwamba mtoto wa umri huo hashtakiwi. Je, si sawa na kusema kwamba sheria imempa ruhusa ya kuumiza wenzake? Na ni nani aliyeupanga umri huo? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Pole sana, mama, na tunamwombea mwanao apone. Uliyoambiwa ni kweli katika nchi nyingi, ingawa si zote, lakini haimaanishi kwamba kitendo kile kimehalalishwa. Kosa la jinai halitokani na kitendo peke yake, bali na kitendo kilichofanywa na mtu mwenye nia na ufahamu wa kubeba lawama yake, na sheria inachosema ni kwamba aliyetenda hajafikia umri wa kubebeshwa lawama hiyo. Huenda mtoto wa miaka 9 anajua kwamba kurusha jiwe ni vibaya, kwa kuwa amekwisha kukanywa mara nyingi. Hata hivyo, kujua kwamba jambo limekatazwa ni tofauti na kuweza kupima madhara yake kabla ya kulitenda, kujizuia hasira inapopanda, na baadaye kusimama mbele ya hakimu, kuyaelewa mashtaka na kumweleza wakili namna ya kumtetea. Wengi wanaolijadili suala hili hutazama lile la kwanza tu.

Ama nani anaupanga, jibu ni bunge la kila nchi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 40, unazitaka nchi ziweke umri ambao chini yake mtoto atachukuliwa kuwa hana uwezo wa kutenda kosa la jinai, lakini hautaji umri wenyewe. Na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unafanya vivyo hivyo. Kamati inayosimamia mkataba huo wa kwanza ilisema mwaka 2007 kwamba umri wowote chini ya miaka 12 haukubaliki. Ilipofika mwaka 2019, ikizingatia yale ambayo sayansi imeonyesha kuhusu ukuaji wa ubongo wa vijana, ikazihimiza nchi zifike angalau miaka 14.

Kwa kuwa huo ni ushauri tu, tofauti zimebaki kubwa. India bado inaanzia miaka 7, Uingereza na Wales miaka 10, Tanzania Bara miaka 10, Ujerumani miaka 14 na Norwe miaka 15. Kenya iliishi na miaka 8 kwa muda mrefu mpaka Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipoupandisha umri hadi miaka 12, na Scotland nayo ilitoka miaka 8 hadi 12 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019. Si wote wanaopanda: China, ambayo kwa kawaida inaanzia miaka 14, iliteremka mwaka 2021 hadi miaka 12 kwa makosa machache mazito kama mauaji, na Denmark ilishuka kutoka miaka 15 hadi 14 mwaka 2010, kisha ikarudi 15 mwaka 2012. Kwa maoni yangu miaka 14 ndiyo mwanzo wa haki. Hofu yangu ni kwamba wito wa kuupunguza umri husikika zaidi baada ya tukio moja la kutisha, ilhali sheria itakayotungwa katika uchungu huo itawakamata pia watoto ambao kosa lao ni kuiba chakula au kupigana.

Baadhi ya nchi zina ngazi ya katikati. Kenya, kwa mtoto aliyefikia miaka 12 lakini hajatimiza 14, na Tanzania Bara, kwa aliye kati ya miaka 10 na 12, mtoto huchukuliwa kwanza kuwa hana uwezo wa kutenda kosa la jinai, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba anao. Uingereza na Wales ziliifuta kinga ya namna hii mwaka 1998, jambo ambalo naliona kuwa la kusikitisha.

Kuhusu mwanao, mlango wa jinai ukifungwa bado upo ule wa madai. Ufaransa, kwa mfano, huwawajibisha wazazi kwa madhara yanayofanywa na mtoto wao mdogo. Kwingineko itakubidi uthibitishe kwamba mzazi alizembea katika malezi au uangalizi, kwa hiyo tunza kumbukumbu zote za matibabu. Zaidi ya hayo, omba maafisa wa ustawi wa jamii waitembelee familia ile, kwa sababu mtoto anayeumiza wenzake anahitaji kusaidiwa mapema, na kutoshtakiwa kwake hakumzuii mtu kumsaidia.

SWALI: Kijana akikamatwa baada ya kuuvuka umri huo kwa kosa la zamani, unahesabiwa umri upi? Na asipokuwa na cheti cha kuzaliwa? (Mwalimu)

JIBU: Unahesabiwa umri aliokuwa nao siku ya kitendo. Cheti kikikosekana, hutazamwa kumbukumbu za shule, za kliniki au za ubatizo, na ushahidi wa wazazi. Uchunguzi wa mifupa na meno hutoa makadirio tu, nayo yanaweza kupotoka kwa miaka kadhaa, ndiyo maana kamati niliyoitaja inasisitiza kwamba shaka ikibaki imfae mtoto. Naomba pia ukumbuke kwamba hata aliyeuvuka umri huo bado ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Ibara ya 37 ya mkataba ule wa Umoja wa Mataifa inakataza asihukumiwe kifo wala kifungo cha maisha kisicho na tumaini la kuachiliwa kwa kosa alilotenda kabla ya hapo, na inataka kumweka kizuizini kuwe hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo.