Klova tamu kwa ng'ombe na nyuki

Swali: Ninafuga ng'ombe wa maziwa na nyuki Mufindi, mkoani Iringa. Je, klova tamu itanifaa?

Jibu: Ndugu msomaji, itakufaa, kwani ni mmea wa jamii ya kunde ambao maua yake madogo, meupe au ya njano, hupendwa sana na nyuki, ingawa kwa kawaida huchanua mwaka wa pili. Pima udongo kwanza. Ukiwa na tindikali, weka chokaa. Mbegu zina ganda gumu, hivyo zikwaruze kwa msasa.

Ninachokusihi zaidi ni kuhusu hei, yaani majani yaliyokaushwa ya kulisha mifugo: mashina manene hukawia kukauka, na klova iliyoota kuvu hutengeneza sumu inayozuia damu kuganda, hata ng'ombe aweza kufa kwa jeraha dogo. Robota (mzigo uliofungwa) la hei likitoa harufu ya uvundo, usiwalishe.