Ukitaka kulinganisha Tanzania na Kenya, fuata gunia la kitunguu

Nilikaa Nairobi miaka sita, sasa nimerudi Arusha na bado nafanya biashara ya vitunguu kati ya huku na kule, na kila mtu akishajua hivo swali linalofuata ni lile lile: eti kati ya Tanzania na Kenya wapi kuzuri? Siku hizi hilo swali silijibu. Nimeona watu, wengine ndugu zangu kabisa, wamefunga mizigo wakavuka kwa sababu waliambiwa kule kuna hela, na Wakenya nimewaona wakija huku kwa sababu waliambiwa ardhi iko bwerere, wote wakakuta nchi tofauti kabisa na ile waliyosimuliwa. Ninachowaambia ni hiki: nchi hailinganishwi kwa mkupuo. Chukua kitu kimoja unachokijua vizuri, kifuate kuanzia ardhini mpaka kwa mlaji, njiani utaona kila kitu, jografia, tabia za watu na pesa zao. Mi kitu changu ni kitunguu.

Vitunguu vyangu vingi natoa Mang'ola, wilaya ya Karatu, kule chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Ukifika mara ya kwanza hutaamini kuna kilimo, maana jua ni kali, vumbi, na ziwa lenyewe ni la chumvi. Lakini maji yanashuka kutoka kwenye misitu ya juu ya Ngorongoro yanatokeza kama chemchemi, watu wanayaongoza kwa mifereji mpaka shambani, na ule ukame ndio faida yenyewe kwa sababu kitunguu kikishakomaa kinataka kukauka, sio kunyeshewa. Sasa nenda Naivasha upande wa Kenya. Ni Bonde la Ufa lile lile, ila Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, ziwa lake maji baridi, na uwanja wa ndege wa Nairobi hauko mbali. Kwaiyo wao pale wanalima maua, yanavunwa yanapakiwa kwenye ndege yanaenda Ulaya. Mtu akiona hivo haraka atasema Wakenya wajanja sisi tumelala. Hapana. Angalia kwanza mwinuko, maji na umbali wa kufika sokoni, alafu ndo uongee habari za ujanja.

Na huo umbali watu wengi hawaufikirii. Kutoka Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110, ukivuka una kama 165 tena uko Nairobi. Kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya 600. Yaani kwa mkulima wa Karatu soko kubwa lililo karibu yake kuliko yote liko nchi nyingine! Nilipoielewa hii ndo nikaacha kushangaa kwa nini malori yetu yanaelekea kaskazini.

Safari yangu ya kwanza ya mzigo nilipata hasara na nataka niieleze maana ina somo ndani yake. Nilinunua shambani kwa gunia, na mnajua gunia la kwetu, lumbesa, linashonewa kichwa juu mpaka linaonekana kama limevaa kilemba. Serikali imeshapiga marufuku mara nyingi ila shambani bado unaikuta. Mi nikahesabu magunia, nikapiga hesabu ya faida kwa magunia, nikaingia Marikiti, lile soko kubwa la Nairobi, saa kumi alfajiri na hesabu zangu kichwani. Kule wakamwaga chini. Yaani gunia linafunguliwa linamwagwa kwenye turubai, kijana anapitisha mkono anatoa kimoja kimoja, chenye shingo nene pembeni, chenye unyevu pembeni, kilichopasuka pembeni, vinavyobaki vinaingia kwenye neti vinapimwa kwa kilo. Nilisimama pale naangalia lile fungu la pembeni linakua. Hakuna aliyenidhulumu, mizani ilikuwa mbele ya macho yangu. Ila nilinunua kwa macho nikauza kwa mizani, na hesabu za namna hiyo haziwezi kukutana.

Baada ya hapo nilinunua mizani yangu ya kuning'iniza na siku hizi shambani nachagua mwenyewe, nabonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba. Ikiwa bado laini nakiacha, hakitafika.

Kingine kilichoniuma siku ile ni maneno. Mteja wa kwanza alikuja akanisimamia juu ya kichwa, "Madam, hizi ni za TZ? Bei?" Basi. Hakuna salamu, hakuna habari ya asubuhi. Mi nimelelewa huku, mtu mzima unampa shikamoo, unauliza za nyumbani, watoto hawajambo, ndo biashara inaanza, na ukitaka kitu unasema naomba. Kule mtu anaingia hotelini anasema "nipe chai" na mhudumu haoni ubaya wowote. Miezi ya mwanzo nilijua wananidharau, nilikuwa narudi chumbani nimenuna. Kumbe yule yule aliyeniuliza bei bila salamu ndo aliyekuja kunitumia hela yote kwa simu kabla lori halijavuka mpaka, kwa neno langu tu, bila karatasi. Heshima yake iko kwenye kukulipa kwa wakati na kutokukupotezea muda. Na yeye baadae aliniambia mwanzoni alihisi mi nazunguka zunguka, kwamba salamu ndefu ni dalili ya mtu anayetaka kukopa. Kwaiyo ukienda kule ufupishe kidogo, na wewe Mkenya ukija huku tafadhali salimia kwanza, hata kama una haraka, maana bei utakayopewa inaanzia kwenye ile salamu, hasa ukiwa mbele ya wazee.

Kiswahili nacho kisikudanganye. Tunasema lugha moja lakini pesa tu zina majina tofauti, huku buku ni elfu moja, kule utasikia thao, soo ni mia, finje ni hamsini, na mbao kule ni shilingi ishirini. Ukiongea bei kwenye simu rudia namba kwa maneno ya kawaida na useme ni shilingi ya nchi gani, maana miaka hii ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kati ya 15 na 20 na kitu za Tanzania. Kukosea hapo sio kukosea kidogo.

Sasa ardhi, na hapa naomba nikae kidogo maana naamini ndo mzizi wa tofauti nyingi tunazoziita tabia. Nikiwa Nairobi kila niliyezoeana nae ndani ya mwezi ananiuliza, "Na ploti uko nayo wapi?" Vijana wa miaka 25 wanachangishana kwenye chama, yaani kikundi cha kuweka hela pamoja, wanunue kipande cha futi 50 kwa 100, na taitel, yaani hati ya kumiliki, inafungiwa kabatini kama dhahabu. Nilidhani ni tamaa. Alafu nikaanza kusikiliza wazee. Kenya walowezi walichukua nyanda za juu zenye mvua, watu wakasukumwa pembeni, miaka ya 1950 damu ikamwagika kwa sababu hiyo hiyo, na uhuru ulipopatikana 1963 wengi ilibidi wajiunge na vyama na makampuni ya kununua mashamba, wanunue kwa hela ardhi ambayo babu zao walikuwa wanalima. Ongeza kwamba karibu asilimia 80 ya nchi ni kame au nusu kame, kwaiyo watu wamebanana kwenye kile kipande chenye mvua, na shamba la baba linagawanywa kwa watoto mpaka linabaki la kuzungushia ua. Wewe ungekuwa hapo usingeuliza watu ploti?

Kwetu mambo yalienda njia nyingine. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulifutwa, na sheria za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Hati unapewa ya kutumia, mpaka miaka 99, na usipoendeleza inaweza kufutwa. Nchi yenyewe ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 940,000, Kenya ni kama 580,000. Ndo maana mtu wa huku anaweza kuwa na eka kumi kijijini hana karatasi hata moja na analala usingizi. Kuna uzuri wake na kuna hasara yake: mkulima wa Mang'ola akienda benki na shamba lisilo na hati anarudi mikono mitupu, wakati mwenzake wa Kenya mwenye eka moja yenye taitel anapata mkopo. Lakini na huyo wa Kenya mkopo ukimshinda eka inapigwa mnada. Nimeshuhudia familia ikiondoka hivo na sitaki kuona tena.

Kwaiyo Mkenya unayekuja kutafuta ardhi huku, elewa kabla hujatoa hata senti. Asiye raia hapati ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kwa utaratibu wa serikali. Usimpe mtu wa kijijini hela ya shamba kwa makubaliano ya mdomo ukadhani umenunua. Na Mtanzania, Kenya nako katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Hakuna upande ambao jirani anaingia akamiliki moja kwa moja.

Pesa je? Kenya kwa sensa ya 2019 walikuwa milioni 47.6, sisi 2022 tulikuwa milioni 61.7, na bado uchumi wao ukipimwa kwa dola ni mkubwa, umeshapita bilioni 100 sisi bado hatujafika hapo. Hela inazunguka haraka Nairobi, hilo ni kweli na sitalificha. M-Pesa ilianza kule 2007, huku ikaja 2008, ila wao waliifanya damu ya biashara mapema sana. Lakini hela hiyo hiyo inatoka haraka, kodi ya nyumba, nauli, ada za shule, na chakula. Nilikuwa napata zaidi na kubakiwa na kidogo. Usilinganishe mishahara peke yake, linganisha kinachobaki tarehe 20 ya mwezi.

Na chakula kinarudisha habari kwenye mvua. Kaskazini kwetu na sehemu kubwa ya Kenya kuna masika na vuli, lakini ukishuka Mbeya, Njombe, Ruvuma, mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, mahindi yanavunwa katikati ya mwaka. Mahindi mengi ya Kenya yanatoka kule Trans Nzoia na Uasin Gishu na yanavunwa kuanzia Oktoba. Yaani maghala yao yanapopungua, ya kwetu ndo yanajaa. Mpangilio huo haukuwekwa na waziri yeyote, umewekwa na mawingu. Ndo maana Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, zuio halikudumu. Ukitaka biashara ya kuvuka mpaka anza kwa kuchora kalenda ya mavuno ya pande zote mbili, alafu ujifunze kukausha vizuri, maana ile sumu inaongezeka kwenye nafaka iliyofungwa na unyevu.

Jambo la mwisho ni la kuishi na watu. Huku makabila ni zaidi ya 120, hakuna moja lenye nguvu ya kuwafunika wengine, na enzi za Mwalimu Kiswahili kilishikiliwa shuleni na ofisini, kwaiyo mtu akikuuliza "wewe kabila gani" mara nyingi anatafuta utani, labda wewe ni Mpare yeye Mchaga mtaniane mpaka basi. Kenya swali hilo ni zito. Makabila ni zaidi ya 40 lakini machache ni makubwa, na chaguzi zimeacha makovu, hasa ile ya mwisho wa 2007 iliyoleta vurugu mpaka 2008. Mi niliuliza jirani yangu kwa utani wa kwetu, akanyamaza, akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Wiki nzima hatukuongea. Nilimpelekea vitunguu neti moja nikamwomba radhi, akanieleza yaliyowapata 2008, na tangu siku ile yeye ndo dada yangu Nairobi. Usiulize. Akitaka atakuambia mwenyewe.

Ukifika Namanga uwe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, usisikilize wanaokwambia kitambulisho kinatosha, hicho Wakenya wanatumiana na Waganda na Wanyarwanda. Hela badilisha kwenye maduka yenye leseni. Kama una mzigo, nyaraka zake ziandae Arusha, sio pale mpakani lori likiwa kwenye foleni juani, kwa sababu kitunguu kilichofungwa kwenye gunia kikipata joto la siku mbili kinaanza kutoa jasho, na wale vijana wa Marikiti watakigundua kwa kupitisha mkono tu.