Ngazi ya rafiki yangu wa mrengo wa kushoto

Kwa miezi kumi na minne ngazi ya rafiki yangu ilikaa stoo kwangu. Ni ya aluminiamu, ya kukunja, ina madoa ya rangi nyeupe kwenye vipandio vya chini. Niliiazima Jumamosi moja nipandie darini, nikaahidi kuirudisha Jumatatu. Jumapili usiku tukagombana kwa sababu ya uchaguzi. Tangu hapo, kila nilipoingia stoo kuchukua fagio, nilikutana nayo imeegemea ukuta.

Mimi ni mhafidhina. Nasema mapema ili anayetaka kuondoka aondoke. Naamini familia ilikuwepo kabla ya serikali, na kwamba serikali ikiingia nyumbani kwa mtu ipige hodi na isikae sana. Naamini desturi iliyovuka vizazi vitano ina kitu inachokijua, hata kama wanaoifuata hawawezi kukieleza. Na naamini Mungu hana kadi ya chama. Hilo la mwisho nililisahau usiku mmoja tu.

Rafiki yangu tunasali kanisa moja. Yeye anataka serikali iwabebe wagonjwa, wazee na wasio na kazi, na kodi ipande mpaka itoshe. Tumebishana hayo miaka mingi, ana kwa ana, na kila mara tuliagana tukicheka. Usiku ule tulikuwa tunabishana kwa meseji. Alituma moja ndefu yenye hoja na, nakiri leo, ilikuwa nzuri. Nikakosa la kujibu. Ndipo nikaandika: "Mtu anayempigia kura huyo mimi sijui huwa anasali kwa nani." Saa tano na nusu usiku. Tiki mbili, zikageuka buluu. Kimya.

Sentensi ile haina neno hata moja kuhusu kodi, wala wagonjwa, wala serikali. Nilikuwa nimeishiwa, nikaiacha hoja nikamshika mtu. Tena nikamshika pale panapouma. Waumini tunaopenda siasa tuna ugonjwa huu: tukizidiwa, tunamsimamisha Mungu kizimbani awe shahidi wetu. Na kwa kuwa yeye hanyanyuki kutukanusha papo hapo, tunadhani tumeshinda kesi.

Jumapili zilizofuata tulipeana mkono wa amani ibadani kama kawaida. Kiganja chake kilikuwa kilekile. Macho yake yalikuwa kwenye tai yangu.

Wahafidhina tunamhesabu Edmund Burke, mbunge na mwandishi wa Uingereza, kama babu yetu. Mwaka 1790 aliandika kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa wakati wenzake wengi Uingereza wakiyashangilia, akaonya kwamba mwisho wake ungekuwa jeshi na mbabe mmoja juu yake. Mfalme alikatwa kichwa 1793. Jenerali Napoleon alishika madaraka 1799. Mzee aliona mbali, hilo halina ubishi.

Lakini tarehe 6 Mei 1791, Bungeni London, aligombana kuhusu mapinduzi hayohayo na Charles James Fox, rafiki na mwenzake wa chama kwa miaka mingi. Fox alimnong'oneza kwamba urafiki wao haujafa. Burke akajibu kwa sauti, mbele ya Bunge zima, kwamba umekufa. Fox aliposimama kuzungumza, machozi yalimzuia. Miaka sita baadaye Burke alikuwa kitandani anakufa, Fox akaomba kuja kumwona, na Burke akakataa. Alikuwa na sababu zake, na aliziona ni za msingi. Mimi huwa nasimama hapo nikijiuliza: mtu aliyetufundisha kutobomoa kwa siku moja kilichojengwa kwa miaka, mbona alibomoa hiki kwa dakika chache? Nimejibu swali hilo kwa namna nyingi za kumtetea. Hakuna hata moja iliyonitosheleza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Marekani. Antonin Scalia na Ruth Bader Ginsburg walikuwa majaji wa Mahakama ya Juu, mmoja wa kulia kabisa, mwingine wa kushoto, na marafiki wa kweli. Watu hupenda picha yao juu ya tembo India mwaka 1994. Mimi napenda kisa kingine. Mwaka 1996 Ginsburg aliandika hukumu ya kuwafungulia wanawake chuo cha kijeshi cha Virginia. Scalia, aliyekuwa peke yake upande wa kupinga, alimpelekea rasimu ya hoja zake mapema ili apate muda wa kuzijibu. Ginsburg alisimulia kwamba rasimu ile ilimharibia mapumziko yake ya mwisho wa wiki, na kwamba ilifanya hukumu yake iwe bora zaidi. Jeraha utiwazo na rafiki ni amini, inasema Mithali 27:6. Wengi tunaounukuu mstari huo huwa tunajiona ndio wenye kutia jeraha.

Sasa ushauri, kwa aliyeko pale nilipokuwa.

Usibishane siasa na rafiki kwa meseji baada ya giza kuingia. Naweka hili mbele hata kama linaonekana dogo. Ana kwa ana ningeuona uso wake kabla sijamaliza ile sentensi, na nisingeimaliza.

Kabla hujamjibu, mrudishie hoja yake kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme "ndiyo, ndivyo". Ni kazi. Mara mbili nimegundua kwamba nilikuwa nabishana na mtu niliyemtunga mwenyewe kichwani.

Usifiche unachoamini ili amani iwepo. Wapo wanaodhani dawa ni kunyamaza; mimi nilijaribu miezi kadhaa na marafiki wengine, nikajikuta nazungumzia hali ya hewa tu na watu ninaowapenda. Lakini kura ya mtu usiifanye kipimo cha wokovu wake. Kati ya wale wanafunzi kumi na wawili wa Yesu, Mathayo alikuwa mtoza ushuru, yaani aliishi kwa mfumo wa watawala. Simoni aliitwa Zelote, jina ambalo baadaye lilibebwa na watu walioshika silaha dhidi ya Roma mwaka 66. Walikula meza moja. Injili hazisemi walizungumza nini wakiwa njiani, nami huwa nayawazia yale mazungumzo.

Mpaka upo. Anayewadharau watoto wangu, au anayenitaka niseme uongo ili tuendelee kuelewana, huyo nitamsalimu kwa mbali. Ila rafiki yangu hakuwahi kufanya hata moja katika hayo. Kosa lilikuwa langu, na kwa miezi kumi na minne nililiita msimamo.

Mwishowe niliibeba ngazi begani nikampelekea. Sikupiga simu kwanza, nilijua ningeghairi. Alifungua, akaniangalia, kisha akaiangalia ngazi. Akaikunjua palepale mlangoni na kuanza kukagua kipandio kimoja kimoja, taratibu.

"Cha nne kimelegea," akasema. "Hakikuwa hivi."

Nikasema nitakitengeneza. Akaingia ndani, akatoka na bisibisi. Tukachuchumaa wote wawili. Nikiwa nimeushika mguu wa ngazi usiyumbe, nikamwambia kwamba ile meseji ilikuwa mbaya, kwamba sikuwa na haki ya kuiandika, na kwamba naomba anisamehe. Aliendelea kuzungusha skrubu.

"Nasali kwa yuleyule unayesali wewe," akasema bila kuinua kichwa. "Shika hapa, inateleza."