Nilijua madhara yote ya soda na bado nilikunywa

Wiki iliyopita niliposti kile kikaratasi changu cha kipimo cha sukari, 5.4 asubuhi kabla sijala kitu, na nakiri niliposti kwa kuringa. Pongezi zikaja za kutosha, ila kuna dada akaniandikia pembeni: "Dada hongera, mimi madhara ya soda nayajua yote hadi wanangu nawafundisha, lakini ikifika saa saba mchana mkono unaenda wenyewe kwenye friji. Nina tatizo gani?"

Huna tatizo dada. Au unalo, ila ni lile lile nililokuwa nalo mimi, na kwa kuwa jibu ni refu nimeona nikujibu hapa hapa na wengine wasikie.

Miaka miwili iliyopita kazini walileta zoezi la kupima afya bure, nikaingia kwenye foleni kwa sababu bosi naye alikuwa kwenye foleni. Sikuwa nimekula toka usiku. Ikasoma 6.6. Kisukari chenyewe kinahesabiwa kuanzia 7 ukiwa hujala, na ukishafika 6.1 tayari umeanza kuchungulia, kwa hiyo mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nabisha hodi. Nesi akanipandisha akanishusha mbele ya wenzangu akasema, "Msomi mzima na mwili wote huo, kula hujui?" Aisee. Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti masikio yanapata moto. Mimi ni mhasibu, hesabu ndo ugali wangu, chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai na hilo nilikuwa nalijua kabla yake. Nikatoka pale na hasira zangu nikapita dukani kwa Mangi nikanywa mbili, za baridi, nimesimama.

Ona hapo. Nimeambiwa sukari inapanda, nikaenda kunywa sukari. Sasa mtu wa hivyo utamsaidia kwa kipeperushi?

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesoma saikolojia Chuo Kikuu cha Dodoma, wikiendi huwa anakuja kwangu Nkuhungu, hapa hapa Dodoma, kufua na kula. Akanieleza kuna kipimo kilitolewa Marekani mwaka 1998 na mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake wawili, kinafanyika kwenye kompyuta, unapanga maneno au picha haraka haraka kwa kubonyeza vitufe, na wenyewe hawakuulizi unapenda nini, wanaangalia mkono wako unachelewa wapi. Vitu viwili vinavyokaa pamoja kichwani mwako unavipanga chap, visivyoelewana mkono unasita. Baadaye watafiti wakakipeleka kwenye vyakula, sigara, pombe na mazoezi.

Mimi nikamwambia hiyo ni michezo ya wazungu. Akakata kadi kwenye boksi la viberiti vya jumla, akaandika kwa kalamu: soda, chipsi, kuku, mlenda, uwele, halafu raha, heshima, shida, njaa, mgeni. Raundi ya kwanza soda na wenzake niwaweke fungu moja na shida na njaa, mlenda na uwele wakae na raha na heshima. Nikaanza. Kadi ya mlenda nimeishika mkononi inazunguka kama sijui kusoma, nikaiweka kusiko, nikaitoa, yeye anacheka na saa ya simu inakimbia. Sekunde 41. Raundi ya pili akageuza, soda na heshima, mlenda na njaa. Sekunde 19, wala sikufikiri.

Mwenyewe alinitahadharisha kwamba kadi za mezani si maabara, na hata kile kipimo cha ukweli wataalamu wanakibishania, hakitabiri vizuri mtu mmoja mmoja atafanya nini. Sawa. Ila mimi sikuhitaji utabiri, nilikuwa nimeshajiona.

Maana nimekulia Bahi, wilaya kavu ya huku huku Dodoma. Anayejua Bahi anajua, mvua ikigoma mwaka huo mnahesabu debe la uwele kama hela. Mlenda na ugali wa uwele ndo vilikuwa asubuhi yetu, mchana wetu na usiku kama upo. Soda iliingia nyumbani kwa mlango mmoja tu, mgeni. Nilikuwa natumwa dukani nakimbia peku, narudi nimeikumbatia ile chupa, halafu nasimama nyuma ya mlango nasubiri. Mgeni mwenye adabu alikuwa habakizi chini ya vidole viwili. Anayemaliza yote tulikuwa tunamsema mwaka mzima. Vile vidole viwili tulinywa watoto wanne kwa zamu, na mimi nikiwa wa mwisho nilipata zaidi harufu.

Kwa hiyo mimi nikishika soda ofisini saa saba sinywi kinywaji, nakaa kwenye kiti cha mgeni. Mlenda nao, ambao kwa afya yangu ulikuwa rafiki, ulikuwa unaniambia rudi kwenu. (Msije mkasema nimesema uwele haupandishi sukari mwilini, ugali ni wanga, ukijaza sinia utapanda tu.)

Nikaanza kupunguza. Miezi ya katikati naruka, haina hadithi, ni maji na kwenda chooni. Kilo tisa zikatoka. Na hapo ndo nikakutana na upande wa pili ambao hakuna aliyenionya. Kwenye kicheni pati ya ndugu wa mume wangu, wifi mmoja akanishika mkono kwa huruma akauliza kwa sauti ya wote kusikia, "Wifi, unaumwa? Au kaka yetu hakutunzi?" Kwetu bado mtu akipungua ni ugonjwa au ndoa, akinenepa hela imekubali. Hizo fikra hata mimi nilikuwa nazo, nimeshawahi kumuuliza mtu hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani nikala chipsi mayai wiki tatu mfululizo, najitibu ile aibu.

Mpwa akaniletea wanasaikolojia wengine wawili, Edward Deci na Richard Ryan, wenye nadharia kwamba unachofanya kwa kusukumwa au kuona aibu huwa hakidumu kama unachofanya kwa sababu yako mwenyewe. Nesi alinisukuma nikaenda kwa Mangi, wifi akanisukuma nikaenda kwenye chipsi. Mimi sababu yangu ilikuwa shangazi, aliyekatwa mguu kwa kisukari. Nikaacha kuwasikiliza wote, nikamkumbuka yeye.

Sasa dada ushauri wangu. Kwanza kaa chini ujiulize hiyo soda inakuambia wewe ni nani, usiulize ina vijiko vingapi. Pili acha kuapa "kuanzia Jumatatu". Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, alionyesha kwamba mpango mdogo wa "ikitokea hivi nafanya hivi" unabeba watu mbali kuliko nia tupu. Wangu ulikuwa huu: nikikaa tu kwa mama ntilie, kabla sijaulizwa naagiza maji makubwa. Mkono ukawa na kazi tayari. Tatu nikahamisha heshima, nikaanza kukaribisha wageni kwa rosela isiyo na sukari kwenye glasi zangu za harusi zilizokuwa zinakaa kabatini. Nne ni kama ya kwanza, jiulize tena, maana hujajiuliza vya kutosha. Watu wangu tunapenda kulaumu friji na matangazo wakati ndani hatujaingia, tunasali tusiumwe na sahani tunazijaza wenyewe, tubadilike jamani!

Nasema hivyo, halafu Jumamosi mama akaja toka Bahi. Kabla sijamtolea rosela mume wangu kwa nia njema akamfungulia soda. Sikusema kitu. Tukaongea mambo ya mashamba, nani kazaa, nani kauza ng'ombe. Alipomaliza kunywa akainua chupa kwenye mwanga, akaitazama, akaisukuma mezani hadi mbele yangu. Vidole viwili kamili.

"Malizia mwanangu."

Nikanywa. Gesi ilikuwa imeshaisha.