Usiniulize ununue detekta gani, niambie kwanza gari linaegeshwa wapi

SWALI: Salaam aleikum injinia. Mimi ni meneja wa jengo la ghorofa saba hapa Mombasa, chini kuna benki na maduka, juu ni ofisi, na jirani yetu ukuta kwa ukuta ni ofisi ya serikali. Wenye jengo wanataka tujikinge na magaidi. Tumeletewa kwotesheni ya mlango wa detekta ya chuma, na kuna jamaa mwingine anauza kidude cha mkononi chenye antena, anasema kinanusa mabomu kutoka mita mia tatu hata nyuma ya ukuta. Kwa sasa tumefunga mlango wa nyuma ili kila mtu apite mbele asachiwe. Tununue kipi kwanza? Na risk ya jengo inapimwa vipi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu meneja. Huyo wa antena mfukuze leo hii, usimwambie "tutafikiria", atarudi. Biashara hiyo ilishafika mahakamani zamani. Kuna Mwingereza anaitwa James McCormick aliwauzia Wairaki na wengine wengi kidude kinaitwa ADE 651, kishikio cha plastiki na antena inayocheza huku na huku, ndani hamna kitu cha maana, kila kimoja maelfu ya dola, na asili yake ni kidude cha kutafutia mipira ya gofu cha bei isiyofika dola 20. London wakamfunga miaka 10, hiyo ni 2013. Sasa sikia kinachouma: vile vidude viliendelea kushikwa na askari kwenye vizuizi vya Baghdad mpaka Julai 2016, gari la bomu lilipofika Karrada, mtaa wa maduka wa Baghdad, na kuua watu zaidi ya 300, hapo ndo waziri mkuu Haider al-Abadi akaagiza viondolewe. Tena pale Karrada wengi hawakuuliwa na mlipuko, waliuliwa na moto ndani ya maduka yasiyokuwa na pa kutokea. Hilo la pa kutokea lishike, tutalifikia.

Ukitaka kumuumbua huyo jamaa kabla hajaondoka, chukua maboksi kumi yanayofanana, mtu wa tatu aweke ndani ya moja kitu ambacho muuzaji mwenyewe anadai kifaa chake kinakinusa, halafu huyo mtu atoke chumbani, ili atakayebaki ndani, wewe na muuzaji, asiwepo hata mmoja anayejua kiko wapi. Mwambie atafute, arudie mara kadhaa. Kwenye demo zao huwa kinapatia kwa sababu aliyekishika anajua pa kwenda, mkono unainama kidogo bila yeye kuhisi na antena inafuata. Akishakosa kujua, kifaa kinakuwa kipofu. Wengi wakisikia habari ya maboksi wanakumbuka wana mkutano mahali.

Haya, sasa nije kwenye lile linalonichosha, na nisamehe maana si wewe peke yako, karibu kila anayeniuliza anaanza na "tununue kipi". Watu wameshaamini usalama wa jengo unakaa mlangoni, na ni kitu unachokinunua, kinakuja kwenye katoni, kinachomekwa umeme, basi. Mlango wa detekta unagundua chuma, hauna habari na vilipuzi, na unamshika mtu anayeficha. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, masoja wa kusachi walikuwepo kama siku zote. Waliokuja waliingia wakipiga risasi, watu 67 wakauawa, na mtu wa aina hiyo hatasimama atoe simu na funguo aweke kwenye kitrei. Halafu foleni! Saa mbili asubuhi watu wote wa ghorofa saba unawapanga barabarani chini ya ukuta wa vioo wasubiri kusachiwa. Umeondoa hatari ndani ukaitoa nje, pale ambapo gari linaweza kufika.

Sisemi soja hana kazi. Nairobi, 7 Agosti 1998, soja wa geti la nyuma la ubalozi wa Marekani alikataa kulifungua, lori la bomu likabaki nje. Dar es Salaam siku hiyohiyo lori lilikuta boza la maji limesimama getini, halikuingia, na waliokufa Dar walikuwa 11, Nairobi 213. Yapo mambo mengine yaliyotofautisha miji hii miwili, Nairobi ni katikati ya mji na majengo yamebanana, lakini ona kilichosaidia ni nini: geti lililobaki limefungwa na boza lililokaa njiani. Umbali, ndugu yangu. Nguvu ya mlipuko inashuka haraka sana kadiri unavyosogea mbali, na ukiwa karibu karibu, kuongeza umbali mara mbili kunaweza kuipunguza mpaka ikabaki kama sehemu ya nane. Hakuna mashine ya mlangoni itakupa hicho. Mita tano za maua na nguzo fupi za zege zilizozikwa vizuri zinakupa, na hazihitaji fundi wa kuja kuzihudumia kila mwezi.

Na hapo Nairobi nani alikuwa analengwa? Ubalozi. Na jengo gani lilianguka chini lote? Ufundi House, jirani. Jengo la ubalozi liliharibika vibaya lakini lilibaki limesimama. Wengi waliokufa hawakuwa na habari na ubalozi, walikuwa kazini, darasani, wengine ndani ya basi. Kwa hiyo umeniandikia ile ofisi ya serikali kama jambo la kupita tu, kumbe ndo mstari mzito kuliko yote kwenye swali lako. Wenye jengo wakikwambia "sisi nani atatulenga", wajibu kwamba tathmini ya risk haiulizi wewe ni nani peke yake, inauliza umekaa na nani, ukipigwa unavunjika vipi, na wangapi watakuwa chini.

Namna ya kupima: chukua futi kamba na mtu mmoja anayeijua michoro ya jengo, mzunguke. Mahali gari linapoweza kusimama karibu zaidi na nguzo ni wapi, mita ngapi? Kama una pakingi ya beizmenti, nani anaingia na anaulizwa nini, manake World Trade Center ya New York mwaka 1993 walilipua gari kwenye pakingi ya chini, wakafa sita, moshi ukajaa ngazi na watu walichukua masaa kushuka. Halafu muulize mhandisi wa nguzo na bimu swali moja: nguzo hii ya mbele ikiondoka, mzigo wake unakwenda wapi? Oklahoma City, Marekani, 1995 gari la bomu lililipuka mbele ya jengo la serikali, zilikatika nguzo chache tu za chini, lakini juu yake palikuwa na bimu kubwa imebeba nguzo nyingine, sehemu kubwa ya jengo ikashuka. Walikufa 168, wengi kwa kuangukiwa. Majengo yetu mengi ya biashara yametolewa nguzo chini kusudi maduka yawe wazi, kwa hiyo swali hilo usilipuuze, na jibu lake utalipata kwa mhandisi wa majengo, kampuni ya ulinzi hailiwezi.

Baada ya hapo ni vioo. Ile Ijumaa ya 1998 Nairobi kulitangulia kishindo kidogo cha gruneti, watu wa majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo likafuata bomu lenyewe. Waliopoteza macho ni wengi, kwa vioo tu. Kwa hiyo la kwanza halina gharama: wafundishe wapangaji wako, mkisikia kishindo ondokeni dirishani, ingieni ndani kwenye korido. La pili ni filamu ya usalama, mikroni 100 kwenda juu, si ile tinti ya jua unayobandikiwa mtaani halafu wanakuandikia "ya kuzuia bomu" kwenye risiti. Na ishikwe mpaka kwenye fremu, manake ikiishia kwenye kioo tu kioo chote kinang'oka kizima kinakujia kama mlango. Ukiwa unabadilisha madirisha kabisa, weka kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati.

Sasa huo mlango wa nyuma. Hili ndo naliona kila mahali tangu Westgate, na linanipandisha presha: mwenye jengo anafunga kufuli, anachomelea grili kwenye ngazi za dharura, anaweka bango la usalama kwanza. Umewafungia watu ndani! Moto wa kawaida wa soketi, ambao uwezekano wa kukutokea ni mkubwa kuliko gaidi yeyote, utakuulia watu kwa hilo kufuli. Na akija mtu na bunduki mbele, watatokea wapi? Weka komeo la kusukuma, linafunguka kutoka ndani kwa kulisukuma na mtu wa nje hawezi kuingia, na king'ora kilie likifunguliwa. Mafundi wanalijua, na haligharimu hata robo ya hiyo kwotesheni yako.

Hivyo hela ikiwa kidogo anza na huo mlango, leo, halafu magari yasogee mbali na nguzo, mazoezi ya kutoka walau mara mbili kwa mwaka pamoja na hao jirani zako wa serikali, filamu kwa vioo vya upande wa barabara, na mhandisi akupigie hesabu ya nguzo za mbele. Pesa ikibaki, nunua detekta.